Redio ya Upepo Hufufuliwa na Mwenziwe

Mhadhara uliotolewa mbele ya wananchi, walimu na mafundi, mjini Morogoro

Nawashukuru kwa namna ya pekee walioteremka leo kutoka Mgeta na Matombo. Masika haya sote tunaijua ile barabara. Mtu akishuka siku kama ya leo ili kusikiliza habari za redio mbovu, ana mapenzi ya kweli.

Mezani hapa mnaona masanduku mawili. La kushoto ni dogo, linaenea chini ya dashibodi ya gari. La kulia ni zito, lina mkono wa kubebea na maiki yenye waya uliojikunja kama mkia wa kinyonga. Yote mawili ni redio za upepo, yaani redio za kusema na kujibiwa. Nimeyaleta kwa kusudio moja. Nataka niwaombe tukubaliane kwamba redio za namna hii zilizolala kwenye stoo za mkoa wetu zikusanywe, zitengenezwe mpaka ziseme, na zitengenezwe mbilimbili. Hilo la mbilimbili ndilo lililonileta hapa, na nitalifikia.

Niseme kwanza kwa nini sizungumzii redio za kusikiliza. Hizo zina watetezi wengi. Philips iliyoundwa Arusha, au National ya Dar es Salaam, bado inakaa kabatini kwa heshima katika nyumba nyingi, na ikiharibika inapelekwa kwa fundi. Watu wa Morogoro tunaijua sababu. Ndani ya redio hizo tulimsikia Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, vijana wetu wenyewe wakirudi kwetu kwa njia ya hewani. Tena nyimbo zao Radio Tanzania ilizirekodi, na tepu zipo. Redio ya upepo haikurekodiwa na mtu. Mganga wa zahanati alipoita kuomba dawa, askari wa wanyamapori alipotoa taarifa ya jangili, padri alipouliza kama daraja limepitika, sauti ilipita mara moja ikaisha. Kilichobaki ni mashine zenyewe na watu waliozisemea. Vyote viwili vinapungua kila mwaka.

Hoja ya kwanza: mlima wetu ndio uliozileta

Kesho asubuhi simameni pale Msamvu mtazame juu. Mtaiona minara iliyosimama kwenye kilele cha Bondwa. Minara ile inauona mji wote, na mji unaiona minara, ndiyo maana mawasiliano yanapita bila taabu. Lakini Uluguru ina mgongo, na safu yake imelala kaskazini hadi kusini, na kule Kimhandu inapanda kupita mita 2,600, wakati sisi hapa mjini tuko kwenye mita 500 hivi. Chukueni ramani mpime kwa rula kutoka hapa hadi Kolero: kilomita hazifiki 60. Kwa macho ya redio nyingi, hata hivyo, Kolero iko nyuma ya ukuta.

Wimbi la redio za mkononi, zile za polisi na walinzi, husafiri kama mwanga wa tochi. Likikutana na mlima, nyuma yake kuna kivuli. Redio hii ndogo ya kushoto, inayoitwa CB, hutumia megahezi 27, urefu wa wimbi lake ni mita 11, na tabia yake kwa sehemu kubwa ni hiyohiyo: inafika vizuri pale inapoona. Iwekeni Kihonda na nyingine Bigwa, zitazungumza. Pelekeni moja Matombo, mtasikia mvumo tu.

Sanduku hili la kulia linafanya jambo ambalo mimi, baada ya miaka yote ya kulichokonoa, bado linanisisimua. Linatumia masafa ya chini zaidi, megahezi 4, 5 au 7. Ukifunga antena ya waya na kuiweka chini makusudi, wimbi halihangaiki na mlima kabisa. Linapanda karibu wima hadi kwenye tabaka la juu la anga ambalo jua hulitia umeme, kilomita mia mbili na zaidi juu yetu, kisha linarudi chini pande zote kama mvua. Mvua haiulizi kama uko upande huu wa mlima au upande ule.

Watu wengi wanaamini kwamba antena ikiwa juu zaidi ndiyo bora. Kwa kazi hii ni kinyume. Kwa megahezi 5 unahitaji waya wa mita 28 na nusu hivi, umekatwa katikati, kila mkono mita 14 na kitu, na kimo cha mita 6 hadi 10 kinatosha. Miembe miwili na kamba ya katani vinamaliza kazi. Naona mwalimu wa fizikia hapo mbele anatikisa kichwa kukubali. Nashukuru, mwalimu, maana hapo nilitegemea kukosolewa.

Anga hilo nalo lina saa zake. Usiku, jua likishaondoka, tabaka la juu hudhoofika, na masafa yaliyofaa mchana hupita moja kwa moja yasirudi; hapo inabidi ushuke chini. Mchana wa jua kali, masafa ya chini nayo humezwa na tabaka la chini. Ndiyo sababu vituo vingi vilikuwa na vipindi vya kuitana asubuhi na jioni. Mtu asiyejua hilo akiikuta redio nzima stooni, akaiwasha saa saba mchana kwenye masafa yasiyofaa, ataitangaza kuwa imekufa. Redio ngapi zimetupwa kwa kosa hilo la saa!

Hoja ya pili: zina ukoo

Redio za upepo zilienea Afrika Mashariki kupitia huduma zilizokuwa mbali na nguzo za simu. Mwaka 1957 ilianzishwa huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo tunaiita AMREF, na kutoka Nairobi ilijenga mtandao wa redio uliounganisha hospitali na zahanati za vijijini, nyingi zikiwa za misheni. Daktari aliweza kumwelekeza muuguzi aliye mamia ya kilomita, na ndege ikaitwa palipokuwa na ulazima. Hifadhi za wanyama, ikiwamo jirani yetu Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, nazo haziendeshwi bila redio. Kwa hiyo mnapoliona sanduku la kulia, mnaangalia ndugu wa familia kubwa.

CB ilizaliwa kwingine. Marekani ilifungua masafa hayo ya megahezi 27 kwa raia wa kawaida mwaka 1958, kwa nguvu ndogo ya wati chache. Miaka ya sabini, mafuta yalipoadimika baada ya 1973, madereva wa malori wa kule waliishika redio hiyo wakawa wanaambiana petroli iko wapi na askari wako wapi. Chaneli zikawa hazitoshi. Mwaka 1977 zikaongezwa kutoka 23 hadi 40. Uingereza iliruhusu CB yake mwezi Novemba 1981, baada ya watu wengi kuitumia kwa kificho. Huku kwetu haikupata kuwa redio ya umma. Kila moja niliyoiona Morogoro ilifika ndani ya gari au ndani ya sanduku la msafiri.

Halafu ikaja simu ya mkononi. Dar es Salaam iliipata mwaka 1994, na miaka kumi na mitano iliyofuata minara ilipanda milima. Sina kinyongo nayo. Mama wa Kinole anayempigia daktari kutoka shambani kwake amepata kitu ambacho redio ya upepo haikuweza kumpa, kwa sababu redio ilikuwa ofisini na ofisi ilifungwa jioni. Ninachosikitikia ni namna tulivyoziaga. Taasisi moja ya mkoa huu, sitaitaja, ilikuwa na redio sita. Nilipoomba kuziona niliambiwa nirudi wiki inayofuata. Niliporudi nilikuta zimeuzwa kwa kilo pamoja na vitanda vya chuma. Nilifika hadi kwa mnunuzi wa chuma chakavu, nikakuta makasha matupu. Shaba na alumini vilikuwa vimeshang'olewa.

Hoja ya tatu: namna ya kuzifufua

Hapa mtaniwia radhi, nitakaa kidogo, maana mafundi wamekuja na daftari.

Redio hii ndogo niliinunua Soko la Mawenzi, imewekwa chini katikati ya pasi mbili za mkaa na kioo cha pikipiki. Ina chaneli 23, kwa hiyo bila kuifungua nilijua ilibuniwa kabla ya 1977. Muuzaji alitaka kuiunganisha na betri pale pale anionyeshe taa. Nilimzuia mkono. Hilo ndilo somo la kwanza kwa kijana anayeanza: fungua, usiwashe.

Ndani niliwakuta mende. Sisemi mende mmoja. Walikuwa wameacha kombe za mayai nyuma ya spika na kinyesi chao kimekauka juu ya bodi kama pilipili manga iliyosagwa. Kinyesi hicho kikishika unyevu hupitisha umeme, na unyevu wetu wa mlimani mnaujua. Nilitumia brashi laini na spiriti, taratibu, nikiacha kila sehemu ikauke. Kwenye njia za shaba kulikuwa na kutu ya kijani. Hiyo nayo niliiondoa kwa brashi, sikukwangua kwa kisu.

Baada ya hapo zinakuja kapasita, zile za mviringo zenye majimaji ndani. Miaka arobaini au hamsini huyakausha. Iliyotuna kichwa au iliyovuja chini haina mjadala, inatolewa. Zilizobaki zipimwe moja moja. Kuna mafundi wanaobadilisha zote kwa siku moja. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu ukibadilisha vitu ishirini kwa mkupuo na redio ikakataa, hujui tena kosa ni la zamani au ni la kwako.

Ukifika wakati wa kuwasha, chukua taa ya breki ya gari, ya wati 21, uiunganishe kwenye waya wa chanya kati ya betri na redio. Taa ikiwaka kwa nguvu zote, ndani kuna shoti, zima haraka; redio haijaungua kwa sababu taa imebeba mzigo. Ikiwaka hafifu au isipowaka, endelea. Ujanja huu wa shilingi chache umeniokolea redio nyingi kuliko kifaa chochote cha bei nilichowahi kununua.

Niliwasha, na redio ikapokea chaneli zote. Mahali pa antena niliweka ukinzani wa omu 50, ili nguvu ya kurusha iishie mezani kama joto, nikajaribu kusema. Chaneli ya 1 sawa, ya 2 sawa, ya 3 kimya. Ya 4, 5, 6 sawa, ya 7 kimya. Niliandika kwenye kipande cha karatasi, na kufikia mwisho nilikuwa na namba tano: 3, 7, 11, 15, 19.

Nawaomba mzitazame namba hizo. Zimeachana kwa nne nne. Redio za chaneli 23 za wakati ule hazikuwa na kristali, yaani kipande kinachoshikilia masafa, kwa kila chaneli. Ingekuwa gharama kubwa mno. Nyingi zilikuwa na kristali 14: sita za msingi, nne za kurushia na nne za kupokelea. Kila chaneli ni ndoa ya kristali moja ya msingi na moja ya zile nne. Ikifa moja ya msingi, zinanyamaza chaneli zinazofuatana. Ikifa moja ya nne za kurushia, inanyamaza kila chaneli ya nne, huku kupokea kukiendelea vizuri. Kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa imeshaniambia ni kristali ipi kabla sijagusa kitu. Niliigeuza bodi chini ya taa kwa kioo cha kukuzia. Kristali yenyewe ilikuwa nzima. Mguu wake mmoja ulikuwa na ufa mwembamba wa duara kwenye lehemu, mwembamba kuliko unywele, umeletwa na mitikisiko ya gari kwenye barabara za miaka mingi. Tone moja la lehemu mpya, na chaneli tano zikarudi.

Nimeisimulia habari hiyo kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna ufundi wote ninaoutaka vijana wetu waupate: kusikiliza kwa mpangilio, kuandika, kufikiri, ndipo kugusa.

Kuhusu sura ya nje, nina msimamo. Msipake rangi mpya. Redio hii ya kulia ilitoka zahanati ya upande wa mashariki wa mlima. Juu ya kioo cha mita pamebandikwa plasta ya hospitali, imegeuka rangi ya chai, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi: saa 2.00 asubuhi, saa 10.00 jioni, na chini yake, sema polepole. Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini sijaibandua. Plasta hiyo ndiyo daftari pekee tulilo nalo la kituo kile. Ningeibandua, ningebaki na redio inayofanana na nyingine elfu kumi duniani.

Hoja ya nne: sheria

Hili ni fupi. Kusikiliza na kutengeneza ni jambo moja, kurusha ni jambo jingine. Masafa ni mali ya nchi, na yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Ipo leseni ya redio za ridhaa, na anayeipata hupewa jina la kituo linaloanza na 5H, alama ya Tanzania dunia nzima. Kijana anayetaka kubonyeza kitufe cha maiki aanzie huko. Antena bandia ya omu 50 niliyoitaja inamtosha kabisa mezani wakati anasubiri.

Hoja ya tano: ni lazima ziwe mbili

Redio ya kusikiliza ukiitengeneza jioni, kabla hujalala imeshakulipa, inaimba. Nilipomaliza kuitengeneza hii ya kulia, mita zilikwenda mahali pake, nguvu ilitoka kamili, kila kipimo kilikuwa safi, nikakaa naitazama nikiwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Hapakuwa na wa kumwita. Redio ya upepo iliyo peke yake, hata iwe nzima kiasi gani, bado imekatika katikati.

Nilitumia mwaka mzima kutafuta ya pili. Ilipopatikana na vibali vikawa tayari, tuliifunga upande wa Matombo, nasi hapa mjini tukabaki na hii. Nilikuwa nimemwomba mama mmoja, mkunga mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi nyuma ya mlima, aje awe wa kwanza kusema. Alikuja, akakataa kiti, akasema redio husemewa kwa kusimama. Akashika maiki kwa mkono wa kushoto ili wa kulia uwe huru kuandika. Akabonyeza kitufe, akanyamaza kama sekunde nzima. Mimi nilidhani amesahau. Kumbe anasubiri redio ipande, maana ukisema papo hapo neno la kwanza hukatika, na katika kazi yake neno la kwanza lilikuwa jina la kituo. Kisha akaita, polepole, kila neno likisimama peke yake, akamaliza kwa "ova" na kuachia kitufe kwa kidole kilichojua kazi.

Jibu lilikuja na sauti nyembamba ya bata, kama ilivyo desturi ya redio hizi mpaka uisawazishe kwa kitufe. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono na kuisawazisha. Mimi fundi nilisimama pembeni. Nilijua kila kapasita iliyokuwamo ndani ya sanduku lile, na sikuwa najua jinsi ya kulitumia.

Tangu siku ile nimeacha kusema kwamba ninakusanya redio. Ufundi wa kuzisemea umo mikononi na kooni mwa watu, na hautengenezwi kwa lehemu. Lugha yetu nayo imebeba mabaki yake. Vijana mnasema "nakusoma" mkimaanisha nimekuelewa. Kwenye redio lilikuwa jibu la kipimo: mtu anauliza "unanisomaje?", nawe unajibu kwa namba, moja hadi tano, na jibu hilo laweza kuamua kama gari la wagonjwa linaondoka au haliondoki. Anayelitumia leo mtaani angefaidi kumsikia mtu aliyelitumia kwa uzito huo.

Najua nitaulizwa faida ya leo. Ningeweza kuwakumbusha mwezi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Redio ya masafa haya haitegemei waya wowote zaidi ya ule ulio juu ya mwembe. Hoja hiyo ni ya kweli, ila sitaki tuzifufue kwa hofu. Nataka tuzifufue kwa sababu kwa miongo kadhaa watu wa pande mbili za Uluguru waliitana kwa kutumia hizi, na wapo bado wanaoweza kutuonyesha namna walivyofanya.

Tunakokwenda

Masika yakiisha, barabara ikikauka, tutapeleka redio ya pili Kolero. Tumepanga kuita saa 2.00 asubuhi, saa iliyoandikwa kwenye ile plasta, na tena saa 10.00 jioni. Shule za jirani na hapa zikipenda kuleta wanafunzi wa kidato cha tatu na nne, waje wafunge antena wenyewe, wapime wenyewe mita 14 na kitu kila upande. Kila atakayesema ataanza kwa kufundishwa na mtu aliyewahi kusema kwa kazi. Nahitaji pia vitu: kristali, maiki hata zilizokatika waya, vitabu vya maelezo, daftari za kuitana kama zipo darini kwa mtu. Na wakuu wa taasisi mlioko hapa, kabla hamjaita mnunuzi wa chuma, niiteni mimi. Nitakuja siku hiyohiyo.

Daftari liko kwa yule kijana aliyekaa karibu na mlango. Aliyewahi kusema "ova" kwa kazi, hata kama ni kwa mwezi mmoja tu, aandike jina la kituo chake kwanza, na lake mwenyewe lifuate. Huo ndio utaratibu mliokuwa mkiitana nao, na ndio tutakaoufuata siku ya Kolero.